Biashara Iko Katika Taabu Zetu za Kila Siku

UKURASA WA BIASHARA NDOGO NDOGO

Ndugu msomaji, mwezi huu tunazungumza juu ya swali moja. Mtu wa kijijini atapata wapi wazo la biashara mpya?

Baada ya mavuno watu wengi hushika fedha kidogo. Mtu akishika fedha hizo huwaza kufungua duka. Husema, "Jirani yangu anauza sukari, chumvi, sabuni na kiberiti. Na mimi nitauza." Mwingine naye husema hivyo hivyo. Mwaka unaofuata yako maduka matano kwenye njia moja.

Je, watu wa kijiji wameongezeka mara tano? Hapana. Je, wanakunywa chai mara tano? Hapana. Watu ni wale wale, na sukari wanayonunua ni ile ile. Faida iliyokuwa ya duka moja sasa inagawanywa kwa maduka matano. Baada ya miezi michache maduka mawili yanafungwa. Mbuzi waliouzwa ili kupata mtaji hawapo tena, na fedha hazipo.

Duka si kitu kibaya. Kijiji kisicho na duka kinahitaji duka. Lakini kijiji chenye maduka matano hakihitaji la sita. Kinahitaji kitu kingine. Kazi yetu ni kukitafuta kitu hicho.

MASWALI MATATU YA KUJIULIZA

Wazo la biashara si lazima litoke Dar es Salaam au Mwanza. Liko hapa hapa, katika maisha yetu ya kila siku. Hatulioni kwa sababu tumelizoea. Ukitaka kuliona, jiulize maswali matatu.

Swali la kwanza: Ni taabu gani ambayo watu wanailalamikia kila mwaka?

Swali la pili: Ni kitu gani tunakiuza kwa bei ndogo, kisha tunarudi kukinunua kwa bei kubwa?

Swali la tatu: Ni kitu gani tunakitupa, au tunamwachia mtu mwingine bure?

Watu wa zamani walijiuliza maswali haya. Mtu mmoja aliona gurudumu bovu la gari limetupwa. Mwenzake aliona watu wanachomwa na miiba. Waliounganisha mambo hayo mawili walipata viatu vya katambuga. Mwingine aliona makopo matupu, akaona nyumba zenye giza. Akatengeneza kibatari. Makopo hayo hayakuwa na bei, lakini kibatari kilikuwa na bei.

Mfano wa karibuni ni wa simu. Zamani mtu aliyefanya kazi mjini alituma fedha nyumbani kwa mkono wa dereva au kondakta wa basi. Mara nyingine fedha zilifika. Mara nyingine hazikufika. Hiyo ilikuwa taabu ya watu wengi. Mwaka 2007 huduma ya M-Pesa ilianza Kenya, na mwaka 2008 ikaanza Tanzania. Leo hata katika vijiji vingi yupo wakala wa kutoa na kuweka fedha. Kazi yake imetokana na taabu ile ya zamani.

Sasa tuyatazame maswali hayo hapa kwetu mkoani Singida. Tuanze na kuku.

TAABU YA KUKU

Kuku wa kienyeji wa Singida wanajulikana mbali. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza inapita Manyoni, Ikungi, Singida mjini, Iguguno, Misigiri na Shelui. Wafanyabiashara hununua kuku vijijini, huwatia katika matenga, na kuwapeleka mijini. Kwa akina mama wengi kuku ni benki. Mtoto akihitaji daftari, kuku anauzwa. Mgonjwa akihitaji dawa, kuku anauzwa.

Lakini kila mwaka benki hiyo inavunjwa na ugonjwa wa mdondo. Wengine huuita kideri. Mama ana kuku 20. Asubuhi moja anawaona wawili wamejikunyata, wanaharisha kijani, shingo zimepinda. Baada ya siku chache wamebaki watatu. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya. Una kinga tu, nayo ni chanjo.

Chanjo ipo. Iko chanjo inayoitwa I-2, ambayo huvumilia joto kuliko chanjo za zamani. Kwa hiyo inafaa vijijini. Kuku hutiwa tone moja katika jicho moja. Kuku mkubwa ni tone moja. Kifaranga ni tone moja. Hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne.

Kama chanjo ipo, kwa nini kuku wetu wanakufa? Hapa ndipo tunapoliona wazo la biashara.

Chupa moja ndogo ya chanjo inatosha kuku wengi, mara nyingi 100 au zaidi. Mama mwenye kuku 8 hawezi kusafiri hadi mjini kununua chupa ya kuku 100. Nauli nayo ni gharama. Tena chupa ikishafunguliwa haikai. Ni lazima itumike mapema. Kwa hiyo mama huyo hanunui. Na jirani yake mwenye kuku 10 hanunui. Na yule wa tatu mwenye kuku 12 hanunui. Wote wanangoja, na mdondo unakuja.

Sasa tuseme kijana mmoja, mwanamume au mwanamke, anafundishwa na afisa mifugo namna ya kuchanja. Anaandika majina ya nyumba 15 katika daftari. Kila nyumba inasema ina kuku wangapi. Akiona wametosha chupa moja, anakwenda kuinunua. Alfajiri, kabla kuku hawajafunguliwa, anapita nyumba kwa nyumba. Kila kuku analipiwa fedha kidogo.

Jambo hili si ndoto. Wilayani Manyoni, katika kata za Sanza na Majiri, wachanjaji wa vijijini walifundishwa kuanzia mwaka 2014. Walichaguliwa wanaume na wanawake kutoka vijiji vyao wenyewe. Wafugaji walilipa kwa kila kuku aliyechanjwa.

TUFANYE HESABU

Biashara bila hesabu ni kama kutembea usiku bila taa. Tufanye hesabu ya mchanjaji. Bei hizi ni za mfano tu. Wewe weka bei za kijijini kwako.

Tuseme chupa ya kuku 200 ni shilingi 10,000. Nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 4,000. Jumla ya gharama ni shilingi 14,000.

Tuseme kuku waliochanjwa ni 160, kwa sababu baadhi ya watu walibadili nia. Kila kuku ni shilingi 150. Mara 160 ni shilingi 24,000.

Toa gharama 14,000 katika 24,000. Inabaki shilingi 10,000.

Lakini ngoja kidogo. Tuseme wenye kuku 30 wamesema, "Nitakulipa mwezi ujao." Fedha zao ni shilingi 4,500. Kwa hiyo leo mkononi una shilingi 5,500 tu. Nyingine ziko katika maneno.

Unaona, ndugu msomaji? Kazi hii peke yake haitalisha nyumba. Inafanyika mara tatu au nne tu kwa mwaka. Je, basi haina maana? Ina maana. Kwanza, kuku wako mwenyewe watakuwa salama. Pili, kuku wa jirani zako watakuwa salama, na ugonjwa hautatoka kwao kuja kwako. Tatu, daftari lako sasa linaonyesha nani ana kuku wangapi. Mfanyabiashara akija kutafuta kuku 50, wewe ndiye unayejua waliko. Wazo moja limezaa la pili.

Mchanjaji azingatie mambo haya. Asichanje kuku ambao tayari ni wagonjwa na kuwaahidi watu kwamba watapona. Hawatapona, na yeye atapoteza imani ya watu. Aanze na nyumba zisizo na ugonjwa. Anawe mikono kwa sabuni kila anapotoka nyumba moja kwenda nyingine, asije akaubeba ugonjwa yeye mwenyewe. Chanjo aibebe mahali pa baridi, isikae juani.

ALIZETI INAYOONDOKA NA MAFUTA YANAYORUDI

Swali la pili linahusu tunachokiuza kwa bei ndogo na kukinunua tena kwa bei kubwa. Hapa Singida jibu liko wazi. Ni alizeti.

Wakati wa mavuno kila mtu anauza. Magunia ni mengi, kwa hiyo bei inakuwa ndogo. Miezi michache baadaye mkulima yule yule anakwenda dukani na chupa. Ananunua mafuta ya kupikia, kidogo kidogo, kwa bei ya juu. Pengine mafuta hayo yametoka katika alizeti yake mwenyewe. Ameuza mbegu, amenunua mafuta, na tofauti ya bei imebaki kwa watu wengine.

Watu walianza zamani kutafuta njia ya kukamua kijijini. Mwaka 1985, mkoani Arusha, ilibuniwa mashine ndogo ya kukamua alizeti kwa mkono. Aliyeibuni ni Carl Bielenberg kutoka Marekani. Ilikuwa na mpini mrefu wa kushusha na kupandisha, na haikuhitaji umeme wala dizeli. Baadaye ilienea katika nchi nyingine za Afrika. Siku hizi katika mkoa wetu mashine za injini na za umeme ni nyingi, hata katika miji midogo. Kwa hiyo si lazima ununue mashine. Unaweza kwenda kukamua kwa mwenye mashine.

Tufanye hesabu ya magunia mawili. Bei ni za mfano tena.

Ukiuza mbegu wakati wa mavuno, gunia moja shilingi 50,000. Magunia mawili ni shilingi 100,000.

Ukikamua, tuseme kila gunia linatoa lita 16. Magunia mawili ni lita 32. Lita moja shilingi 4,500. Jumla ni shilingi 144,000.

Sasa toa gharama. Kukamua shilingi 12,000. Usafiri shilingi 6,000. Madumu shilingi 5,000. Jumla ya gharama ni shilingi 23,000. Inabaki shilingi 121,000.

Umepata shilingi 21,000 zaidi ya yule aliyeuza mbegu. Si haba, lakini si nyingi. Umefanya kazi, umesafiri, umengoja wanunuzi. Je, hesabu imekwisha? Hapana. Kuna kitu tumekisahau. Kitu hicho ni jibu la swali la tatu.

MASHUDU NI YA NANI?

Alizeti ikikamuliwa, mafuta yanatoka na mashudu yanabaki. Mashudu ni zaidi ya nusu ya uzito wa mbegu. Ni chakula kizuri cha kuku, nguruwe na ng'ombe. Wafugaji wanayanunua.

Baadhi ya wenye mashine humwambia mkulima, "Nitakukamulia bila fedha. Wewe chukua mafuta, mashudu uyaache." Mkulima anafurahi. Anaona amepata bure. Lakini tufanye hesabu. Tuseme mashudu ya magunia yale mawili ni kilo 80, na kilo moja ni shilingi 400. Jumla ni shilingi 32,000. Gharama ya kukamua ilikuwa shilingi 12,000. Kwa hiyo mkulima aliyefurahi amelipa shilingi 32,000 kwa kazi ya shilingi 12,000.

Mwenye mashine hajaiba. Amejua hesabu, nasi hatukuijua.

Sasa jumlisha tena. Mafuta yamekuachia shilingi 121,000. Mashudu shilingi 32,000. Jumla ni shilingi 153,000. Faida juu ya mbegu ghafi ni shilingi 53,000. Faida iliyo kubwa zaidi imetoka katika kile tulichotaka kukiacha. Kwa hiyo kabla ya kukamua uliza swali hili: "Mashudu ni ya nani?"

Ukiyarudisha nyumbani, unaweza kuyauza. Unaweza pia kuyachanganya na pumba za mahindi au za uwele na kuwalisha kuku wako. Kumbuka kuku wale waliochanjwa. Sasa hawafi, tena wananenepa.

Nyuki nao wanahusika. Ua la alizeti linahitaji nyuki ili mbegu zijae vizuri. Mtu mwenye mizinga karibu na mashamba anapata asali, na mkulima anapata mbegu zilizojaa. Mizinga iwe mbali na nyumba, njia na mifugo. Na dawa za wadudu zisipuliziwe mchana wakati nyuki wako kwenye maua.

JARIBU KIDOGO KWANZA

Ukipata wazo zuri usikimbie. Lijaribu.

Usikamue magunia yote kumi. Kamua moja. Pima mafuta, pima mashudu, andika. Usinunue chupa tatu za chanjo. Nunua moja, baada ya watu kuandikishwa. Anayetaka kuuza chapati mnadani apike chapati 20, si 200. Zikiisha mapema, mnada ujao apike 40. Zikibaki, ajue sababu.

Uliza watu, lakini uliza vizuri. Usiulize, "Je, nikileta kitu hiki mtakipenda?" Watu wetu wana adabu. Watasema, "Tutakipenda." Uliza hivi: "Mwezi uliopita ulikwenda wapi kukinunua? Ulilipa shilingi ngapi?" Mtu ambaye tayari anatembea mbali na kulipa, huyo ndiye mteja wako.

Kumbuka pia kwamba biashara huzeeka. Simu zilipoingia vijijini, watu wengi walipata fedha kwa kuchaji simu za wenzao kwa sola au betri ya gari. Umeme ulipofika, wateja walipungua. Aliyekuwa macho aliona nguzo za umeme zinakuja, akaanza kuuza soketi na balbu, au akanunua mashine ya kunyolea. Kwa hiyo maswali yale matatu hayaulizwi mara moja tu. Yaulize kila mwaka.

USIUZE GHALA

Sasa tuseme neno zito kidogo. Mkoa wetu una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Mvua ikikosekana, hakuna msimu wa pili wa kutuokoa. Uwele na mtama ulioko ghalani ndiyo maisha ya watoto hadi mavuno yajayo.

Kwa hiyo usiuze chakula cha ghalani ili kuanzisha biashara. Usiuze ng'ombe wa kulimia. Anza na fedha ambayo ikipotea, watoto bado watakula. Kama ni kuku watatu, anza na kuku watatu. Kama huna kitu, anza na kazi ya mikono. Wahenga walisema mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe. Mchanjaji hakuhitaji ghala wala jengo. Alihitaji mafunzo, daftari na miguu.

Tena baba na mama wazungumze kwanza. Katika nyumba nyingi mama ndiye anayefuga kuku na baba ndiye anayeamua kuwauza. Biashara ya namna hiyo haidumu. Aliyetoa jasho aijue hesabu, na aijue fedha ilikokwenda.

MSAADA UKO WAPI?

Afisa ugani na afisa mifugo wa kata ni watu wa kuwauliza mambo ya mbegu, chanjo na malisho. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, yaani SIDO, lilianzishwa mwaka 1973. Lina ofisi Singida mjini. Huko watu hufundishwa kusindika mafuta, asali na vyakula vingine. Anayetaka kuuza mafuta ya chupa madukani aulize pia habari za alama ya ubora ya TBS.

Vikundi navyo vina nafasi yake. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Asilimia 4 ni za wanawake, 4 za vijana, na 2 za watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikaanza tena mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Habari zake zinapatikana kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Lakini mkopo ni deni, hata kama hauna riba. Usikope kwa wazo ambalo hujalijaribu.

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Chukua daftari lako. Kwa siku saba andika kila taabu unayoisikia kisimani, mashineni, njiani na mnadani. Andika kila kitu unachokiona kimetupwa. Siku ya nane soma ulichoandika.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kijijini kwetu yako maduka mangapi yanayouza vitu vya namna moja? Mangapi yalifungwa mwaka jana, na kwa nini?

2. Kuku wangapi walikufa kwa mdondo katika nyumba zetu mwaka jana? Kila kuku angeuzwa shilingi ngapi? Fanyeni jumla ubaoni.

3. Mwenye mashine ya kukamua aliye karibu nasi anatoza fedha, au anachukua mashudu? Ipi ni nafuu kwetu? Onyesheni hesabu.

4. Ni kitu gani ambacho watu wa kijiji chetu hukifuata mbali kila mwezi? Nani kati yetu angeweza kukileta au kukitengeneza hapa?